Nimemhasi, mbona bado ananyanyua mguu ndani?

SWALI: Shikamoo mama. Safu yako naisoma kila toleo ila leo ndo nimepata ujasiri wa kuandika maana maji yamenifika shingoni. Nina mbwa dume anaitwa Simba, ana miaka 4, nimemlea tangu mdogo kabisa. Alikuwa na tabia ya kunyanyua mguu ndani, leo kwenye mguu wa meza kesho kwenye pazia, nikashauriwa nimhasi atatulia nikamhasi, huu mwezi wa saba sasa. Na kweli alitulia, yaani kama miezi mitatu hivi nikawa nishasahau. Halafu mdogo wangu wa kiume akaja kukaa na sisi na hapo ndo mambo yakaharibika upya. Siku ya kwanza tu Simba kalikojolea begi lake, kesho yake buti zake, halafu kona ya kochi anapopenda kukaa, na siku hizi kila asubuhi nakuta pazia la dirisha la sebuleni limelowa kwa chini. Mkojo wenyewe sio mwingi, ni kidogo kidogo tu lakini harufu jamani! Nje anatoka mara tatu kwa siku na anakojoa vizuri bila shida. Mume wangu anasema mbwa huyu analipiza kisasi kwa sababu tulimhasi, juzi kamfumania kamsugua pua kwenye mkojo na kumchapa, tangu hapo Simba akimwona anajikunyata chini ya meza ila kukojoa ndani hajaacha. Nasafisha na dawa ya kung'arisha nguo, sakafu inabaki inanukia safi, kesho palepale tena. Mdogo wangu anasema tumgawe. Mimi sitaki mama, nampenda huyu mbwa. Hivi tulidanganywa kuhusu hii habari ya kuhasi?

– Niliyechoka kupiga deki

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Najua hiyo harufu, najua na ule uchungu wa kuambiwa umtoe mnyama uliyemlea mwenyewe, kwahiyo nitakujibu kwa urefu na naomba uisome barua hii ukiwa na mumeo pamoja na mdogo wako, maana kila mmoja wenu ana kazi yake humu.

Hukudanganywa, ila waliokushauri walikupa nusu ya maneno. Homoni ya kiume, ile testosteroni, inatengenezwa kwenye korodani, zikitolewa inashuka kwenye damu ndani ya muda mfupi sana, na tabia ambazo homoni inazisukuma zinapungua taratibu kwa wiki kadhaa hadi miezi. Sawa. Lakini kisu kinatoa korodani, hakitoi alichokwisha kujifunza mbwa na wala hakitoi wasiwasi wake. Kuna utafiti wa mwaka 1997 uliofuatilia madume waliohasiwa wakiwa wakubwa, ukakuta karibu 6 kati ya 10 walipunguza kuweka alama za mkojo kwa nusu au zaidi, ila walioacha karibu kabisa walikuwa wachache kuliko hapo, na umri wa mbwa wala muda aliokuwa na tabia hiyo havikusaidia kutabiri nani atabadilika. Maana yake kumhasi kulikuwa na faida, ile miezi mitatu ya raha hukuiota, ila kazi iliyobaki ni ya kwenu nyumbani.

Sasa hili la kisasi naomba lifutwe leo. Hebu fikirini, huyo mwenye kisasi anakaa miezi mitatu kimya, anasubiri mpaka shemeji mtu aje na begi ndo akumbuke kukasirika? Mbwa hawawazi hivyo. Mkojo kwa mbwa ni maneno. Anaponyanyua mguu na kutoa kidogo kwenye kitu kilichosimama wima anaandika kwamba mimi nipo hapa, na mbwa anaandika sana pale anapokutana na harufu asiyoijua au anapohisi mpangilio wa nyumba yake umetikisika. Wewe mwenyewe umeniandikia jibu bila kujua: kaanza na begi, kaja kwenye buti, kisha anapokaa mgeni. Hivyo vyote vinanuka mtu mpya na kila alikopita. Muulize mdogo wako kama alikotoka kulikuwa na mbwa wengine, maana kama walikuwepo basi hizo buti zimebeba habari za mbwa wageni mpaka katikati ya sebule ya Simba, na mtu asishangae kwanini zilikojolewa siku ya pili.

Pazia nalo ni hadithi nyingine, silichanganyi na begi. Unalikuta limelowa asubuhi, kwahiyo linafanyika usiku au alfajiri, tena kwenye dirisha. Mimi ningekaa usiku mmoja sebuleni taa zimezimwa nikachungulia. Mara nyingi utakuta kuna mbwa wa nje au paka anapita chini ya dirisha, pengine na yeye anaacha alama yake ukutani kwa nje, na Simba anamjibu kwa ndani. Jike aliye kwenye joto huko jirani naye anaweza kuyaamsha haya mambo hata kwa dume aliyehasiwa.

Lakini kabla ya lolote mpeleke kwa daktari wa mifugo. Najua dalili zote zinaonyesha ni kuweka alama, na mimi naamini hivyo, ila maambukizi ya njia ya mkojo na mawe kwenye kibofu vinamfanya mbwa akojoe kidogo kidogo mara nyingi na kwa macho tu huwezi kutofautisha kila wakati. Chukua mkojo wake wa asubuhi kwenye chombo kikavu kisafi, usikinge tone la mwanzo, subiri mkojo ukishaanza kutoka ndo ukinge, halafu ufikishe ndani ya saa chache au uuweke kwenye friji mpaka mnapotoka. Na ukikuta damu au unaona anajikamua hakuna kitu kinachotoka, hapo hakuna kusubiri asubuhi, dume aliyezibwa mkojo anaweza kufa kwa muda mfupi.

Tuje kwenye usafi, na hapa mwanangu ndo naona mchezo mwingi unapopotea. Hiyo dawa ya kung'arisha nguo iache. Kwanza ina klorini, na klorini ikikutana na amonia iliyomo kwenye mkojo inatoa hewa inayochoma macho na kifua, wewe unayeinamia hapo na deki ndo unaivuta. Pili pua yako ikisema pamenukia safi, ya Simba haijadanganyika hata kidogo. Sisi watu tuna seli za kunusa milioni 5 au 6 hivi, mbwa anazo kuanzia milioni mia na kitu kwenda juu kutegemea aina yake, kwahiyo wewe unanusa sabuni na yeye ananusa alama yake ya jana iko palepale na inaanza kufifia, anaifufua. Sabuni zenye amonia nazo usiguse, kwake ni kama mbwa mwingine kapita.

Unachotaka ni kisafishio chenye vimeng'enya, kile maalumu cha mkojo wa wanyama, kwa sababu vimeng'enya vinavunjavunja vitu vyenyewe vinavyonuka badala ya kuvifunika. Watu wengi wanakinunua wanapulizia kidogo wanafuta papo hapo halafu wanasema hakifanyi kazi. Hakikupewa nafasi! Mkojo ukiwa bado mbichi ukandamize na kitambaa kikavu mpaka uishe kunyonywa, usisugue, kisha mwaga kisafishio kiende kina uleule mkojo ulikoenda (kwenye kochi ni mpaka kwenye sponji la ndani), kiache muda ulioandikwa kwenye chupa na pakauke penyewe. Usikichanganye na dawa nyingine ya kuua vijidudu, inaweza kuviharibu hivyo vimeng'enya. Mashine ya mvuke na maji ya moto pia hapana, joto linagandisha harufu kwenye kitambaa. Kama huna uhakika alama zote ziko wapi tafuta tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV), zima taa usiku upite nayo kwa chini chini, mkojo wa zamani unang'aa. Jiandae kukuta sehemu ambazo hukuwahi kuzijua, mimi nilipofanya kwangu mara ya kwanza nilikaa chini kabisa, nilikuta mstari mzima nyuma ya kabati na muda wote nilikuwa nikilaumu kapeti.

Mdogo wako kazi yake ni hii. Begi lipande juu, buti ziingie kabatini na mlango ufungwe, sio kwa wiki moja, mpaka Simba atulie kabisa. Halafu kuanzia leo chakula cha Simba atoe yeye. Matembezi ya jioni atoke naye yeye, hata kama mwanzoni mtakwenda wote watatu. Kitu kizuri chochote kimfikie Simba kupitia mkono wa huyo mgeni mpaka harufu yake igeuke kuwa harufu ya nyumbani. Na ile kona ya kochi ikishasafishwa vizuri sogeza bakuli la Simba hapo, kwa sababu mbwa wengi hawapendi kukojolea sehemu wanayokula. Najua anasema mumgawe, ila ukimpa kazi ya kushika bakuli inawezekana akabadili mawazo, nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

Kwa mume wako, naongea naye kwa heshima zote. Shemeji, ulikuwa umechoka na nyumba inanuka, naelewa. Lakini angalia alichojifunza Simba: hajajifunza kwamba kukojoa ndani ni vibaya, amejifunza kwamba wewe ni hatari. Kesho atakojoa ukiwa hupo au nyuma ya kabati ambako hutaona, na huo woga wenyewe unamwongezea sababu ya kuweka alama. Kumsugua pua ndo hakumwelezi kitu kabisa, maana akishamaliza hawezi kuunganisha adhabu na tendo. Ukimfumania ananyanyua mguu, piga makofi mara moja hewani au mwite jina kwa sauti ya kawaida tu ili akatishe, umtoe nje, na akikojoa nje umpe kitu kitamu hapohapo anapomaliza, sio mpaka mrudi ndani. Na kwa sasa usimfuate chini ya meza, kaa sakafuni mbali kidogo, dondosha kipande cha chakula, ondoka. Atarudi kwako, mbwa wanasamehe haraka kuliko sisi.

Wewe mwenyewe kwa wiki tatu nne usimwache Simba azurure nyumba nzima peke yake. Mfunge kamba nyepesi uiunganishe na kiuno chako ukiwa unafanya shughuli, anakufuata, na utaanza kuijua ile namna anavyonusa kitu kwa muda mrefu anageuka ubavu anajipanga, hapo unamwita kabla mguu haujapanda. Ukishindwa kumwangalia akae kwenye chumba anacholala na vitu vyake vya kutafuna. Usiku sebule ifungwe, na vioo vya chini vya lile dirisha uvizibe na karatasi ya kunata isiyopitisha macho, pazia lifupishwe au likunjwe juu. Kutoka nje kutoka mara tatu kuwe tano kwa kipindi hiki, na mwache anuse huko nje kwa nafasi, asiburutwe. Maji usimpunguzie hata siku moja, kuna watu wanafanya hivyo na wanamtesa mnyama bure, alama inahitaji matone tu.

Weka daftari, andika kila alama umeikuta wapi na saa ngapi. Wiki ya kwanza inaweza kuwa alama tisa, ya tatu zikawa nne, hiyo ni hatua kubwa lakini bila daftari ungeona tu kwamba bado anakojoa ndani. Kama miezi miwili imepita na mmefanya haya yote kwa pamoja bila kuruka na hakuna kinachopungua, rudi kwa daktari umwambie kuhusu wasiwasi wa Simba, zipo dawa za kutuliza wasiwasi wa mbwa kama fluoksetini ambazo zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi na zinakwenda sambamba na mafunzo, ila ni daktari wa mifugo tu wa kuziandika, usichukue za binadamu ukakisia dozi. Usimgawe kabla hujafika huko, nakuomba.

SWALI: Dada habari, kuna ile mikanda ya kumfunga mbwa dume tumboni ili mkojo usidondoke, ni salama? Nimeivalisha dume langu lililohasiwa na sasa nyumba ni kavu kabisa, naona kama tatizo limeisha.

– Mwenye nyumba kavu

JIBU: Ni salama ukiisimamia, ila tatizo halijaisha, limefungwa kitambaa. Mbwa bado anaweka alama, tofauti ni kwamba anaziweka kwenye pedi. Mimi naupenda huo mkanda kwa siku mnayokwenda kutembelea watu au wakati mafunzo ndo yanaanza. Angalia pedi kila baada ya saa chache na ikilowa ibadilishe hapohapo, mkojo ukikaa kwenye ngozi unachoma na unaleta vidonda, msafishe na umkaushe, usibane sana, vidole viwili vipite. Kila anapotoka nje uvue ili apate raha ya kukojoa panapotakiwa na wewe upate nafasi ya kumpongeza. Usiku kucha usimwachie.

SWALI: Mbwa wetu dume alihasiwa zamani akiwa na mwaka mmoja, sasa ana miaka 11. Maisha yake yote hajawahi kukojoa ndani, lakini kama mwezi sasa tunakuta kitanda chake kimelowa chote na yeye kalala hapohapo, tena maji anakunywa sana siku hizi. Watoto wanasema kaanza kuweka alama uzeeni, tumfundisheje?

– Baba wa nyumba

JIBU: Kaka yangu, usimfundishe kitu, mpeleke hospitali ya wanyama wiki hii. Hiyo sio alama. Anayeweka alama yuko macho, anachagua mahali, ananyanyua mguu na anatoa kidogo. Huyu wako anavuja akiwa usingizini na mkojo ni mwingi, mwenyewe pengine hata hajui, na hicho kiu kinanipa wasiwasi zaidi kuliko mkojo wenyewe. Kisukari kinaanza hivyo, figo zikichoka ni hivyohivyo, ugonjwa wa tezi za adrenali (zile zilizo juu ya figo) pia, na kama kuna dawa za steroidi anatumia kwa ngozi au viungo mtajie daktari maana zinaleta kiu na mkojo mwingi. Watapima damu na mkojo. Kabla hamjaenda pima maji anayokunywa kwa saa 24: jaza chombo kwa kipimo, kesho yake upime yaliyobaki, kama amevuka mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake huo ni unywaji usio wa kawaida na hiyo namba itamsaidia sana daktari. Magonjwa mengi kati ya hayo yana matibabu hata kwa mzee wa miaka 11. Wakati mnasubiri mtandikie kitu kisichopitisha maji chini ya kitambaa, mkaushe manyoya ya tumboni, mtoe nje kabla hajalala na mara moja usiku. Na watoto wasimgombeze, mzee wa watu hafanyi makusudi.

SWALI: Mama mshauri, dume langu lilihasiwa mwaka jana ila aliyemhasi aliniambia kaona korodani moja tu akaitoa hiyo, nyingine haikushuka kwahiyo haina madhara. Mbona bado anakojolea kila kona ndani na anawapanda wenzake vilevile kama zamani?

– Kijana wa mbwa wawili

JIBU: Kwa sababu mwanangu, mbwa wako hajahasiwa, amepunguzwa. Korodani iliyobaki tumboni au kwenye kinena haitengenezi mbegu vizuri kwa sababu ya joto la mwili, lakini homoni inatengeneza kama kawaida, na homoni ndo hasa ulitaka iondoke. Aliyekwambia haina madhara alikosea na mimi limeniuma, maana korodani isiyoshuka ina hatari kubwa zaidi ya kupata uvimbe wa saratani mbwa akiwa mkubwa, pia inaweza kujisokota ikaleta maumivu makali ghafla. Tafuta daktari mwenye mashine ya ultrasaundi na mweleze historia yote, asiyejua ataona hakuna korodani kwa nje na kudhani kazi ilishakamilika. Kuna na vipimo vya damu vinavyoonyesha kama bado kuna korodani mwilini hata isipoonekana. Wakishaipata wanaitoa kwa upasuaji, kama iko tumboni kidonda kinakuwa kikubwa kidogo kuliko cha kawaida, mtunze siku 10 hadi 14 asiruke wala kulamba nyuzi. Tabia zipe miezi michache zipoe, na katika hiyo miezi fanya yale yote niliyomwandikia mama Simba hapo juu kuhusu kusafisha na kamba ya kiunoni, hata yule mbwa wako wa pili mwangalie, wawili wakiwa ndani mmoja akiweka alama mwenzake naye anaijibu.